Kuishi na Vijana Msituni: Mwongozo kwa Mlezi wa Kambi Magharibi mwa Kenya

Matangazo ya kazi ya ulezi kambini huzungumzia kupanda vilima, kuwasha moto na kuimba usiku, na mambo hayo yote yapo. Hata hivyo, anayeichukua kazi hii hutambua kabla ya wiki ya kwanza kwisha kwamba sehemu yake kubwa ni kujua kila kijana yuko wapi na ana hali gani, mchana na usiku, hasa katika zile saa ambazo ratiba haina kitu. Nimeifanya kwa likizo nyingi, zaidi katika msitu wa Kakamega na mara chache upande wa Nakuru na Mlima Elgon. Ninamwandikia aliyemaliza chuo, au mwalimu aliye likizoni, ambaye ameitwa kwenda kuishi na watoto wa watu mahali pasipo na lango wala ukuta.

Hatua ya kwanza: Jua umeitwa kufanya kazi gani

Ziko kambi za likizo za makanisa na za maskauti, ambazo huandaliwa Aprili, Agosti na kuanzia Novemba shule zikifungwa. Ziko safari za Tuzo ya Rais, mpango ulioanzishwa Kenya mwaka 1966 kwa vijana wa miaka 14 hadi 24, ambapo anayetafuta tuzo ya ngazi ya dhahabu hutakiwa kusafiri kwa miguu siku nne na kulala nje usiku tatu. Tena ziko kambi za marekebisho, ambazo mzazi humleta kijana aliyeacha shule, anayevuta bangi au aliyegombana na kila mtu nyumbani. Hizi za mwisho ndizo zinazohitaji tahadhari kubwa kuliko zote.

Wazo la kumlea kijana kwa safari ngumu lina historia ndefu. Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyekimbilia Uingereza, alishiriki kuanzisha shule ya Outward Bound huko Wales mwaka 1941, na baadaye shule ya namna hiyo ikafunguliwa Loitokitok chini ya Kilimanjaro. Nchini Marekani, hasa katika jimbo la Utah, wazo hilo liligeuzwa kuwa matibabu ya kulipiwa. Pamoja na waliosaidika, wengi wamesimulia jinsi walivyochukuliwa kitandani usiku na watu waliokodiwa na wazazi wao, wakapelekwa nyikani na kuzuiwa kuwasiliana na nyumbani. Malalamiko ya aina hiyo yalichangia Utah kukaza sheria yake mwaka 2021, na Bunge la Marekani kupitisha sheria ya nchi nzima mwezi Desemba 2024. Nayataja hayo kwa sababu hata kwetu yupo mzazi anayemshusha mwanawe kwenye gari na kusema, "Mwalimu, huyu mninyooshee." Kabla ya kukubali kazi katika kambi kama hiyo, uliza maswali mawili. La kwanza, je, kijana mwenyewe huelezwa anakokwenda na kuruhusiwa kuzungumza na mtu wa nyumbani? La pili, je, yupo mshauri nasaha aliyesajiliwa, kama Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inavyotaka? Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka, rudi nyumbani.

Nawe usijiite mshauri nasaha ikiwa hujasajiliwa. Wewe ni mlezi. Kazi ya mlezi ni kukaa na kijana, kumsikiliza, kumlinda na kumfikisha kwa mwenye ujuzi. Kazi ya kutibu majeraha ya moyo ina wenyewe.

Hatua ya pili: Hati, mafunzo na mkataba

Tafuta cheti cha nidhamu kutoka kwa idara ya upelelezi wa jinai, na uwe tayari kutoa majina ya watu wawili waliokuona ukifanya kazi na watoto. Kambi isiyokuuliza hati hizo haikumuuliza mwenzako pia, nawe utalala hema moja na mtu ambaye hakuna aliyemchunguza. Somea huduma ya kwanza kwa Msalaba Mwekundu au St John Ambulance, na uifanye kwa mikono yako hadi uweze kufunga mkono uliovunjika gizani, kwa tochi iliyoshikwa mdomoni.

Dai mkataba wa maandishi hata kama kazi ni ya majuma matatu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na kulala kazini hakuifuti haki hiyo. Uliza nani atashika zamu yako siku hiyo, kwa maana mapumziko yasiyo na mtu wa kukupokea hubaki kwenye karatasi. Uliza pia idadi ya vijana kwa kila mlezi (mimi sikubali zaidi ya wanane), unalala wapi, nani anatunza dawa, na gari lipi litakuja saa nane za usiku mtoto akizidiwa. Kwa swali hilo la gari, usiridhike na jibu kwamba bodaboda zipo. Mtoto mwenye degedege au mguu uliovunjika hapandi bodaboda kwenye utelezi wa matope.

Hatua ya tatu: Utembee msitu kabla ya vijana kufika

Fika siku mbili mapema. Msitu wa Kakamega ndio sehemu iliyosalia nchini Kenya ya ule msitu wa mvua uliowahi kuenea kutoka Kongo, na hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Upande wa kaskazini, Buyangu, unasimamiwa na Shirika la Wanyamapori. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya Huduma ya Misitu. Ruhusa huombwa kwa msimamizi wa upande unaokwenda, na usiingie bila mwelekezi wa kijiji. Mzee anayeongoza wageni hapo kila siku anajua njia iliyozibwa na mti ulioanguka juzi, jambo ambalo ramani haina. Tembea naye kila njia mtakayopita, ukiandika panapoteleza, panapopatikana mtandao wa simu na panapofikika kwa gari.

Mvua ya Kakamega mara nyingi huja alasiri, na huja na radi. Panga safari zote ziwe zimekwisha kufikia saa saba mchana. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo. Zikiwa chini ya thelathini, wapeleke vijana mara moja kwenye jengo la kudumu au gari lililofunikwa, nanyi msitoke hadi dakika thelathini zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hema si kinga, kibanda cha nyasi si kinga, na mti mrefu uliosimama peke yake ni hatari. Wengi wetu katika eneo hili tunamjua mtu au familia iliyopatwa na radi, kwa hiyo mtoto akiogopa usimcheke. Mwambie unachofanya na kwa nini unakifanya.

Nyoka wapo. Wale wa jamii ya kifutu hulala kimya juu ya majani makavu, nao hufanana na majani hayo, kwa hiyo kila mtu avae gambuti au viatu vilivyofunika kifundo cha mguu, na asiinue gogo kwa mikono. Akiumwa mtu, mlaze atulie, mvue pete na viatu, tegemeza mguu au mkono ulioumwa kwa ubao usisogee, kisha mwende hospitali. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu. Kabla ya kambi kuanza, piga simu hospitali mnayoitegemea uulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo sasa hivi, kwa sababu haipatikani kila mahali.

Kwingineko hatari hubadilika sura. Kandoni mwa ziwa kule Kisumu, viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na maji ya kina kifupi yana kichocho. Hema zikae mbali na ufuo na vijana wasiogelee. Mlima Elgon una pango la Kitum, ambalo tembo huingia kuchimba chumvi, na vijana wote hutaka kuliona. Watu wawili waliolitembelea, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, waliugua homa ya Marburg, ambayo huhusishwa na popo, na kufariki. Mimi siwaingizi vijana katika pango lolote lenye popo. Juu ya mlima huo, ambao kilele chake cha Koitoboss kina mita 4,222, usiku huganda barafu, na anayelala juu ya mita 3,000 asipande zaidi ya mita 500 kutoka kambi moja ya kulala hadi nyingine.

Hatua ya nne: Soma fomu za afya kana kwamba mtoto ni wako

Fomu za wazazi husomwa kijuujuu, nalo ni kosa ambalo siku moja hugharimu. Kaa nazo jioni nzima, kisha umpigie kila mzazi ambaye ameandika "hana shida". Magharibi mwa Kenya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni wa kawaida, na mama aliyezoea huenda asiutaje kwa kuhofia kwamba mtoto atakataliwa. Uliza kwa upole: "Mama, huwa anaumwa viungo wakati wa baridi?" Mtoto mwenye selimundu anaweza kuja kambini, lakini anywe maji kila mara, asiogee maji baridi ya mto, asilale na nguo zenye unyevu, wala asishindanishwe kupanda kilima. Mwenye kifafa asiachwe karibu na moto au maji peke yake, na mwenye pumu awe na dawa yake mfukoni, si kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli ofisini. Dawa nyingine zote zitunzwe na mtu mmoja, na kila kidonge kiandikwe daftarini pamoja na saa.

Kuhusu malaria, kila mmoja alale ndani ya chandarua, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Kumpa kijana dawa ya maumivu na kungoja kesho ni kucheza na maisha yake.

Jambo jingine la kuuliza, ingawa halimo kwenye fomu, ni tohara. Wabukusu hutahiri vijana wao mwezi Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na jamii nyingine hufanya hivyo Novemba na Desemba. Mvulana ambaye kidonda chake hakijapona hafai kutembea kilomita kumi na shanta mgongoni, na mwenyewe hatakuambia.

Hatua ya tano: Hesabu kwa majina

Katika mwaka wangu wa pili tulikuwa na vijana kumi na wanne, tukirudi kambini kutoka kilima cha Lirhanda. Tulipofika kwenye mashamba ya chai yanayopakana na msitu nilisimama nikahesabu vichwa: kumi na wanne. Tukaendelea. Mbele kidogo msichana mmoja akaniuliza, "Auntie, Brayo yuko wapi?" Nikahesabu tena, wakawa kumi na wanne tena, na ndipo nilipomwona mjukuu wa mwelekezi wetu, mvulana aliyejiunga nasi njiani, akitembea katikati ya kundi kwa furaha. Nambari yangu ilikuwa sahihi, na mtoto wa mtu alikuwa msituni peke yake.

Tulimpata baada ya dakika arobaini hivi, ameketi kwenye njia panda, amekumbatia begi lake, akipuliza filimbi. Alikuwa amesimama kufunga kamba ya kiatu. Kilichomwokoa ni kwamba siku ya kwanza tuliwafundisha wote jambo moja: ukijikuta peke yako, simama hapo ulipo, kaa chini ya mti mmoja, puliza filimbi mara tatu, ngoja, puliza tena. Angetutafuta, angeweza kuingia ndani zaidi, na giza la Kakamega huanza mapema chini ya miti.

Tangu siku hiyo sihesabu vichwa. Nina karatasi ya majina ndani ya mfuko wa nailoni, na kila tunaposimama, kila tunapovuka mto, kabla ya kula na kabla ya kulala, naita jina na kusubiri sauti. Mlezi mmoja hutembea mbele, mwingine nyuma kabisa, na wa nyuma hampiti mtu yeyote, hata akisema anafunga kiatu tu. Kijana anayekwenda chooni humwambia mlezi kwa jina na kuripoti akirudi. Vijana wakubwa hulalamika kwamba wanafanywa watoto. Waelezee sababu, kisha uendelee kuita.

Kuita majina kuna faida ya pili ambayo sikuitarajia. Sauti inayojibu hukuambia mengi: yule aliyejibu kwa kelele jana na leo anajibu kwa kunong'ona ana jambo, na utamtafuta baada ya chakula.

Hatua ya sita: Usiku

Mchana huwa na shughuli, na shughuli humbeba kijana. Taabu huanza taa zikizimwa. Usiku tatu za kwanza ndizo nzito zaidi kwa anayekumbuka nyumbani, na anaweza kuwa mtoto wa miaka kumi au jitu la miaka kumi na saba. Usimwambie ajikaze. Kaa karibu naye nje ya hema, mwulize mama yake hupika nini Jumapili, mpe kazi ndogo ya kufanya asubuhi pamoja na mpishi. Kazi ya asubuhi ndiyo dawa bora niliyoiona, kwa sababu humpa sababu ya kulala.

Wapo wanaokojoa kitandani, hata wenye miaka kumi na minne, na baadhi yao hukataa kunywa maji mchana kutwa kwa hofu hiyo. Mimi huweka gunia lenye blanketi mbili safi nyuma ya jiko la mpishi. Usiku wa kwanza nawaambia wote kwamba gunia lipo, kwamba yeyote anaweza kubadilisha blanketi kabla ya kupambazuka bila kuniuliza, na kwamba zilizoloa zitafuliwa pamoja na nguo za jikoni. Silitaji tena. Asubuhi nikikuta blanketi iliyokunjwa vibaya juu ya gunia, naichukua, nafua, naweka nyingine. Anayejulikana kuwa na shida hiyo huamshwa saa nne usiku kwa kuguswa bega, wala si kwa kuitwa jina.

Kwa wasichana, sodo, maji ya moto na mahali pa kutupa viwepo tangu siku ya kwanza, mahali panapofikika bila kuomba ruhusa kwa mwanamume.

Usiku pia ndio wakati wa siafu. Novemba moja, baada ya mvua ya jioni, msichana aliyelala karibu na mlango aliketi ghafla, akaanza kujipiga miguuni bila kusema neno. Nilimulika sakafu, nikaona mstari mweusi umepita chini ya turubai na kupanda kwenye mablanketi. Katika hali hiyo usipige kelele, kwa maana kundi likikurupuka gizani litaumia kwa kamba na vigingi zaidi ya kwa siafu. Niliwaamsha mmoja mmoja kwa jina, kila mmoja akakung'uta gambuti na kuvaa, tukatoka upande usio na siafu hadi kwenye banda la kulia. Hapo niliita majina, kisha wakatoana siafu wakiwa wawili wawili, wakichomoa kwa vidole hata vichwa vilivyobaki kwenye ngozi. Mpishi alimwaga jivu kuzunguka banda. Kabla ya alfajiri siafu walikuwa wamekwenda zao, kama kawaida yao. Kumbe jivu halitupwi ovyo kambini. Linatunzwa kwenye debe lenye kifuniko, karibu na mlango.

Mlezi alale karibu kiasi cha kusikia kikohozi, lakini asilale ndani ya hema la vijana peke yake, na upande wa wasichana ulindwe na wanawake. Usiingie katika hema lenye kijana mmoja tu, kwa sababu yoyote, bila mtu mzima mwingine kuona.

Hatua ya saba: Kijana akitaka kukuambia jambo

Mazungumzo ya maana hayaji kwenye kikao kilichopangwa. Huja mnapoosha sufuria, mnapochambua mrenda, au mnapotembea mmoja nyuma ya mwingine bila kutazamana usoni. Basi uwe na kazi ya mkono mara kwa mara, na uiache nafasi kimya.

Siku moja atakuja wa kusema, "Nikuambie kitu, lakini usimwambie mtu." Usiahidi. Mjibu kabla hajaanza: "Nitakusikiliza hadi mwisho. Ikiwa kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, sitaweza kukaa nalo peke yangu, ila nitakuambia nitakayemwambia kabla sijamwambia." Baadhi yao hunyamaza na kurudi siku mbili baadaye. Sijawahi kujuta kusema ukweli huo mwanzoni, na nimeona uharibifu unaotokea mlezi anapoapa siri kisha akalazimika kuivunja.

Akisimulia kudhulumiwa, kaeni mahali mnapoonekana na wengine bila kusikika. Msikilize, usimhoji. Maswali kama "mbona hukupiga kelele?" humfunga mdomo pengine kwa miaka. Mwambie kwamba amefanya vyema kusema na kwamba si kosa lake. Baada ya hapo andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe na saa, kisha umpe taarifa msimamizi siku hiyohiyo. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo ndiye mwenye mamlaka, na simu ya kuwasaidia watoto ni 116, ambayo haitozwi pesa. Ikiwa anayetajwa ni mmoja wa wafanyakazi wa kambi, au msimamizi mwenyewe, mpite uende kwa afisa moja kwa moja. Usimpigie simu mzazi kwanza ikiwa dhuluma inatoka nyumbani.

Ukihofia kwamba kijana anafikiria kujiua, mwulize waziwazi kwa neno lenyewe. Kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo, ila humpa mlango. Akikubali, asiachwe peke yake hata dakika moja, panga na kamba na dawa ziondolewe karibu naye, na safari ya hospitali ianze bila kungoja asubuhi. Hapo awali baadhi ya watu waliogopa kuripoti kwa kuwa jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai, lakini mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu kilicholifanya kosa, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakiuka Katiba. Mpeleke kama mgonjwa, kwa maana ndivyo alivyo.

Hatua ya nane: Kijana akipandwa na hasira

Adhabu ya viboko imekatazwa na Katiba pamoja na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na kambini hakuna sababu inayoweza kuirudisha, hata mzazi akikupa ruhusa ya maandishi. Kumnyima chakula, kumtenga au kumfanya alale nje ni dhuluma ileile kwa jina jingine.

Anayepiga kelele hasikii hoja. Waondoe wengine, simama pembeni yake badala ya kumkabili, teremsha sauti, kisha keti chini ikiwa ni salama. Ni vigumu kupigana na mtu aliyeketi. Mpe uchaguzi wa mambo mawili madogo yanayowezekana: kukaa hapa nami, au kutembea hadi kisimani nami nyuma yake. Zungumzeni kosa kesho yake, akiwa ameshiba. Mara nyingi nimekuta chanzo ni tusi la kabila lililotupwa kwa lugha ambayo mlezi hakuielewa, kwa hiyo kambi yetu hutumia Kiswahili mezani na hemani, na tusi la kabila husimamisha shughuli yoyote papo hapo.

Hatua ya tisa: Maji, chakula na choo

Haya ni mafupi lakini hayarukwi. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo cha chupa. Choo kiwe angalau mita thelathini kutoka mtoni. Anayeharisha anyweshwe lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, na apelekwe kliniki akizidi. Uliza mapema nani ni Mwislamu na nani ni Msabato: Msabato hali nguruwe wala samaki asiye na magamba, kwa hiyo mumi (kambare) asiwe chakula pekee mezani, na Jumamosi usimpangie kazi ya kuchanja kuni.

Hatua ya kumi: Ulale

Mlezi aliyechoka hukosea majina. Weka saa mbili kila siku ambazo ni zako, vijana wajue ni nani wa kumwendea wakati huo, na utoke kabisa machoni mwao. Siku yako ya mapumziko ondoka kambini. Nenda Kakamega mjini ule chakula ambacho hukupika. Usiwape vijana nambari yako ya simu, usikope wala kuwakopesha, wala usimpendelee mmoja kwa zawadi. Ukigundua kwamba unamkasirikia kijana fulani kabla hajafungua mdomo, mwambie mwenzako ambadilishe kundi leo, usingoje hadi kesho.

Hatua ya kumi na moja: Siku ya kurudi nyumbani

Waambie vijana siku tatu kabla kwamba mwisho unakuja, kwa sababu wapo watakaoanza ugomvi ili kuagana kusiume. Usiahidi kumtembelea mtu ikiwa hutafanya hivyo. Kwa kila kijana andika karatasi moja kwa mzazi: alichofanya vizuri kwa mfano halisi, dawa alizokunywa, na jeraha lolote hata la mwiba. Yaliyoripotiwa kwa afisa wa watoto hayaandikwi humo.

Kila kijana akabidhiwe kwa mtu aliyetajwa kwenye fomu, kwa sahihi, na anayetumwa kumchukua bila kutajwa angoje hadi mzazi apigiwe simu. Ita majina mara ya mwisho kwenye kituo cha matatu, ukikata kila jina mkono unapopokelewa na mkono. Karatasi hiyo uihifadhi.

Kisha rudi kambini siku hiyohiyo, uanike hema na blanketi juani hadi zikauke kabisa kabla ya kuzikunja, kwa maana hema lililokunjwa na unyevu wa Kakamega huota ukungu kabla ya kundi la pili kufika.